Mchezaji na Mwajiri Wake: Mwongozo Kamili wa Kujilinda Dhidi ya Unyanyasaji na Shinikizo Klabuni

Unyanyasaji wa mchezaji wa kulipwa mara chache huanza kwa kofi. Huanza kwa ujumbe wa WhatsApp wa meneja wa timu, saa tatu usiku: "Kesho usipande basi na wenzako. Utaambiwa." Kesho yake anaambiwa afanye mazoezi na vijana, saa nane mchana, jua la utosini. Mwisho wa mwezi mshahara hauonekani. Baada ya wiki chache kiongozi anampigia kwa sauti ya upole: "Kijana wangu, kwa nini tusiachane vizuri tu?" Akifika ofisini anakuta karatasi ya kuvunja mkataba imeshaandaliwa, na ndani yake kuna sentensi inayosema hadai chochote.

Mwongozo huu ni wa mchezaji aliyekwishapokea ujumbe wa namna hiyo, na wa yule ambaye bado haujamfikia. Nimeuandika nikiitazama zaidi Tanzania, lakini sehemu kubwa imesimama juu ya kanuni za FIFA, kwa hiyo itamfaa pia anayecheza Nairobi, Kampala, Lubumbashi au Muscat. Msimamo wangu nautaja mapema: katika migogoro ya mpira, anayeondoka kambini kabla ya kuandika barua ndiye anayepoteza, hata kama ndiye aliyeonewa.

Hatua ya 1: Mkataba usomwe kabla ya picha ya jezi

Klabu zetu zinapenda kutambulisha mchezaji usiku wa manane, muziki ukipigwa mtandaoni, na mkataba husainiwa kwa haraka hiyohiyo. Omba nakala siku moja au mbili kabla. Ukiambiwa "saini kwanza, nakala utaletewa", jua umeshapata taarifa muhimu kuhusu mwajiri wako.

Vitu vya kukagua ni hivi. Tarehe ya mshahara itajwe kwa namba, isiandikwe "mwisho wa mwezi au mapema iwezekanavyo". Pesa ya usajili, kama inalipwa kwa mafungu, kila fungu liwe na kiasi na tarehe yake. Bonasi ya ushindi, nyumba, tiketi za ndege na matibabu viwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa sababu ahadi ya mdomo ya tajiri wa klabu huondoka naye akiondoka. Muda wa mkataba kwa kanuni za FIFA hauzidi miaka 5, na kwa mchezaji wa chini ya miaka 18 hauzidi 3.

Kuna vifungu viwili ambavyo klabu huvipenda na FIFA haivitambui. Cha kwanza kinasema mkataba utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya au ukipata kibali cha kazi. Vipimo na vibali ni kazi ya klabu kabla ya kusaini. Baada ya saini, mkataba upo. Cha pili kinaipa klabu muda wa nyongeza wa kulipa, mathalani siku 60 baada ya tarehe ya mshahara, bila kuhesabika imechelewa. Usitegemee kwamba vitafutwa baadaye. Omba viondolewe sasa.

Soma pia kifungu cha faini. Faini ya nidhamu yenye kiwango kinachojulikana, na nafasi ya kujieleza kabla ya kukatwa, ni jambo la kawaida. Faini inayoachwa "kwa kadiri uongozi utakavyoona" ni rungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri Tanzania kukata mshahara apendavyo. Lazima kuwe na sheria, amri au ridhaa yako.

Mwisho, saini kila ukurasa, siyo wa mwisho tu, na uondoke na nakala yenye saini za pande zote. Wapenzi wa soka wanakumbuka sakata la Bernard Morrison mwaka 2020. Yanga ilisema ana mkataba nayo, yeye akakana. Kamati ya shirikisho la soka Tanzania, TFF, ikauona mkataba una mapungufu na Mghana huyo akaenda Simba. Yanga ilifika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikashindwa. Safari hiyo ilimnufaisha mchezaji. Karatasi yenye dosari inaweza kukugeukia wewe pia.

Kuhusu wakala: tangu 2023 FIFA imerudisha leseni za mawakala, na jina la mwenye leseni linaonekana kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Mkataba wa uwakilishi na mchezaji hauzidi miaka 2. Anayejiita meneja wako lakini anataka mshahara wako upitie akaunti yake, mwambie hapana. Mshahara uingie benki kwa jina lako. Hakuna mjadala hapo.

Hatua ya 2: Weka kumbukumbu wakati mambo bado mazuri

Nunua daftari la kawaida. Kila siku andika tarehe, saa uliyofika mazoezini, nani alisimamia, na jambo lolote lisilo la kawaida. Daftari lililoandikwa siku kwa siku lina uzito kuliko maelezo yaliyotungwa mwezi wa sita kwa mkupuo mmoja, na wajumbe wa kamati wanaujua utofauti huo wakiliona tu.

Ujumbe wa simu upigwe picha ukionyesha namba na tarehe, siyo jina ulilomhifadhia mtu. ("Bosi Noma" haimthibitishi mtu yeyote mbele ya kamati.) Tuma picha hizo kwenye barua pepe yako binafsi, kwa sababu simu huibwa, na zile za klabu hurudishwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hii Tanzania, ila usiufute ujumbe wenyewe kwenye simu.

Ukipewa agizo kwa mdomo, lirudishe kwa maandishi: "Habari za jioni meneja. Nathibitisha umenielekeza kuanzia kesho nifanye mazoezi na U20 saa nane mchana. Nitakuwepo. Naomba kujua sababu na ni hadi lini." Ujumbe huo una heshima, hauna ukorofi, na asipojibu, kimya chake nacho ni kumbukumbu.

Wengi huniuliza kuhusu kurekodi mazungumzo kwa siri. Ushauri wangu ni kutoanzia huko. Sauti iliyosambaa kwenye magrupu ya mashabiki huibua kesi nyingine, na safari hii mshtakiwa ni wewe.

Hatua ya 3: Mshahara ukichelewa

FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, lilipowauliza karibu wachezaji 14,000 wa nchi 54 mwaka 2016, asilimia 41 walisema wamecheleweshewa mishahara katika miaka miwili iliyotangulia. Kwa hiyo huna mkosi. Lakini uchelewaji una hatua zake, na hapa ndipo hasira huwaponza watu.

Kanuni ya FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis kilichoanza Juni 2018, inasema hivi: klabu ikishindwa bila sababu halali kulipa angalau mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Lakini kwanza lazima aiandikie klabu kuidai na kuipa angalau siku 15 za kulipa deni lote. Bila barua hiyo, miezi minne ya kudai inaweza isikusaidie.

Barua yenyewe haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Inaweza kuwa hivi:

*Kwa Mtendaji Mkuu. Yah: Madai ya mishahara ya Agosti na Septemba. Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha mkataba wetu, mshahara wangu unapaswa kulipwa kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Hadi leo, tarehe 9 Oktoba, sijalipwa mishahara ya Agosti na Septemba, jumla shilingi 6,000,000. Naomba deni lote liwe limeingia kwenye akaunti yangu ifikapo tarehe 25 Oktoba. Lisipolipwa lote ndani ya muda huo, nitakuwa na haki ya kuvunja mkataba kwa sababu halali na kudai fidia. Naendelea kuripoti mazoezini na kutimiza majukumu yangu yote.*

Ukihesabu utaona nimeacha siku 16. Siku moja ya ziada haina gharama; ubishi kwamba siku ya 15 iliisha saa ngapi una gharama. Sentensi ya mwisho usiiache, na usiifanye kuwa uongo: nenda mazoezini kila siku ya hizo 16. Barua itumwe kwa barua pepe rasmi ya klabu, na nakala ya karatasi ipokelewe ofisini kwa muhuri. Katibu muhtasi akikataa kugonga muhuri, andika jina lake na saa, kisha itume kwa njia ya usafirishaji yenye risiti.

Ujanja unaojulikana ni wa klabu kulipa mwezi mmoja siku ya 14. Kulipwa nusu siyo kulipwa, maana kanuni inadai deni lote. Hata hivyo hapo ndipo pa kumtafuta mwanasheria au chama cha wachezaji kabla ya kuandika barua ya pili, ile ya kuvunja.

Kama hutaki kuondoka na unachotaka ni pesa zako tu, kuna njia nyingine. Kifungu cha 12bis kinaiadhibu klabu iliyochelewesha malipo zaidi ya siku 30 bila msingi, baada ya kuandikiwa na kupewa angalau siku 10. Adhabu yake inafika hadi kufungiwa kusajili. Klabu kadhaa za Ligi Kuu Bara zimewahi kuionja, na mara nyingi deni lililokaa miezi hulipwa ghafla wiki ya kufungua dirisha la usajili.

Hatua ya 4: Ukitengwa na wenzako

Hili ndilo lenye mitego mingi, na ndilo ambalo wachezaji wengi hulikosea.

Kocha ana haki ya kukuweka benchi. Ana haki ya kukuacha nje ya kikosi, kukupeleka timu ya pili kwa wiki mbili ukirejea kutoka majeruhi, hata kukusimamisha kwa kosa la nidhamu lililoelezwa na kusikilizwa. Hakuna mkataba unaompa mchezaji namba ya kudumu. Ukipeleka malalamiko kwamba "mwalimu hanipangi", utarudi mikono mitupu.

Kinachokatazwa ni kingine. Kifungu cha 14, aya ya 2, kinasema mwenendo wa kinyanyasaji wa upande mmoja unaolenga kuulazimisha upande wa pili uvunje au ubadilishe mkataba unaupa upande ulioonewa sababu halali ya kuvunja. Neno zito hapo ni *kulenga*. Lengo halionekani kwa macho. Linasomwa kwenye dalili. Je, unafanya mazoezi peke yako bila kocha wala mpira? Je, umepewa sababu na tarehe ya mwisho? Je, umeondolewa kwenye grupu la timu, umezuiwa chumba cha kubadilishia nguo, chakula cha kambini, daktari? Je, ratiba yako imepangwa saa ambazo hakuna binadamu anayekimbia Dar es Salaam? Je, yote yalianza siku chache baada ya kukataa kupunguziwa mshahara? Dalili moja haitoshi. Zikiwa tano, kwa mpangilio wa tarehe kwenye daftari lako, kamati itakusikiliza.

Kuna lingine linalowakuta zaidi wageni. Ligi Kuu Bara ina nafasi 12 za wachezaji wa kigeni kwa klabu, na dirisha dogo likifunguliwa, kiongozi anayetaka nafasi huondoa jina la mgeni kwenye usajili huku mkataba wake ukiendelea. Mchezaji asiye kwenye usajili hawezi kucheza mechi rasmi hata kocha akimtaka. Migogoro ya namna hii ikifika FIFA hutazamwa kwa uzito kuliko suala la benchi, kwa hiyo ukisikia jina lako limeondolewa, andika siku hiyohiyo kuuliza na kupinga.

Utaratibu wa kujibu kutengwa ni huu. Siku ya kwanza, thibitisha agizo kwa maandishi kama nilivyoonyesha. Nenda ulikopangiwa, hata kama ni kuzunguka uwanja peke yako. Piga picha ya uwanja ukiwa na saa. Baada ya wiki, andika barua rasmi ukiomba kurejeshwa mazoezini na timu na kupewa sababu, kwa tarehe maalumu. Pita wiki nyingine, andika ya pili, nakala kwa chama cha wachezaji. Hapo ndipo mwanasheria anaweza kupima kama umefikia kiwango cha kuvunja. Usivunje kwa kukisia. Ukivunja bila sababu halali, wewe ndiye utakayedaiwa fidia, na unaweza kufungiwa kucheza.

Sakata la Feisal Salum, aliyekuwa kiungo wa Yanga, linafaa kusomwa na kila mchezaji kijana, bila kuchukua upande. Desemba 2022 aliweka fedha kwenye akaunti ya Yanga ili kuununua mkataba wake, na kuaga. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita bila kucheza, nchi nzima ikijadili, hadi Juni 2023 Yanga na Azam walipokubaliana kumhamisha. Kilichomtoa ni makubaliano ya klabu mbili. Kama mkataba wako hauna kifungu cha kujinunua chenye bei, kuweka fedha benki hakukufanyi huru.

Hatua ya 5: "Chomwa sindano ucheze"

Kabla ya dabi, kila mtu ghafla anakuwa daktari. Kumbuka mambo matatu. Uamuzi wa kuchomwa sindano ya maumivu ni wako, na una haki ya kujua ni dawa gani. Omba jina lake liandikwe, kwa sababu ikikutwa dawa iliyokatazwa kwenye mkojo wako, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, haitamuuliza daktari wa timu kwanza, itakuuliza wewe. Ukigongwa kichwa na kupoteza fahamu au kumbukumbu, umemaliza mechi, hata kama umebaki na dakika kumi za fainali. Na una haki ya kwenda kwa daktari mwingine. Muhimbili, kwa mfano, ina taasisi ya mifupa, MOI, na ripoti yake haiandikwi na mtu anayelipwa na klabu yako.

Mchezaji mwenye mkataba wa ajira aumiapo kazini anahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Uliza klabu kama imekusajili na inachangia. Utashangaa ni wangapi hawajawahi kuuliza, wakati kuuliza ni bure. Kumwachisha majeruhi kwa sababu tu ameumia siyo sababu halali, na kumkatia mshahara wakati wa matibabu kunaangukia kwenye Hatua ya 3.

Hatua ya 6: Kelele za nje na minong'ono ya "kauza mechi"

Kipa akifungwa kirahisi Kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, kabla hajavua glovu kuna kiongozi anayesema redioni kwamba "amehujumu". Hapa pana mambo mawili tofauti yasichanganywe.

La kwanza ni tuhuma bila ushahidi. Ikiwa imetoka kwa kiongozi wa klabu, andika barua ukitaka itolewe ushahidi au ifutwe. Usiende kujibu kwenye kipindi cha michezo. Usimamishwapo "kupisha uchunguzi", dai barua yenye kosa, muda na kama mshahara unaendelea.

La pili ni kufuatwa kweli na mtu wa kamari. Hapa kunyamaza ni kosa: kanuni zinamtaka mchezaji aripoti mara moja. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wa Kenya kwa kupanga matokeo, mmoja kwa miaka 10. FIFPRO ina programu ya simu iitwayo Red Button ya kuripoti bila kutaja jina. Kama huna, andikia chama chako au TFF, na uhifadhi nakala. Ujumbe wa mtu huyo usiufute kwa woga.

Na kuna shinikizo ambalo watu wa nje hawalijui, la ushirikina: kuambiwa mruke ukuta, mpite mlango usio rasmi, mchanjwe usiku wa kuamkia mechi. Bodi ya Ligi huzitoza klabu faini kwa kupita milango isiyo rasmi. Ni mwili wako na imani yako. Kataa kwa upole, na nahodha akukingie kifua, kwa sababu mmoja akikataa huitwa msaliti, sita wakikataa huwa ni msimamo wa timu.

Matusi mtandaoni: usijibu, usifute kabla ya kupiga picha inayoonyesha jina la akaunti na kiungo chake. Vitisho vya kuuawa au kwa familia viripotiwe polisi. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ile ya 2018. Tangu Kombe la Dunia 2022, FIFA ina huduma ya kufuatilia na kuficha matusi kwa wachezaji wa mashindano yake, nayo timu za taifa huunganishwa nayo. Klabuni, omba jambo dogo: afisa habari asimamie akaunti yako kwa saa 48 baada ya mechi mbaya, wewe usiione kabisa. Kwa matusi ya rangi uwanjani, tangu 2024 kuna ishara ya mikono iliyopishana kwenye vifundo vya mikono. Mwamuzi akiiona anaanza utaratibu wa kusimamisha mchezo, kuuahirisha kwa muda, na hatimaye kuuvunja.

Hatua ya 7: Unyanyasaji wa kingono

Hapa ushauri wa barua na subira haufanyi kazi. Kocha au kiongozi anayedai rushwa ya ngono ili upangwe, anayekugusa, anayekuita chumbani kambini, huyo siyo wa kuandikiwa barua ya kuomba maelezo. Ondoka sehemu hiyo kwanza. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo na umwombe akumbuke tarehe.

Kama umeshambuliwa au kubakwa, nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto upate PF3, fomu ya polisi ya kupatiwa matibabu, kisha uende hospitali mapema. Usioge wala kufua nguo kabla. Hali ikiwa mbaya anza na hospitali, fomu itafuata. Mchezaji mtoto, au anayemjua mtoto aliye hatarini kwenye akademi, apige 116, bure, Tanzania na Kenya. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hili, iulizie klabuni.

Njia ya mpira nayo ipo, na inafika juu. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia maisha Keramuddin Karim, aliyekuwa rais wa shirikisho la soka la Afghanistan, kwa kuwanyanyasa kingono wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake. Waliomwangusha walikuwa wachezaji waliosema. FIFA ina mfumo wa siri wa kupokea taarifa mtandaoni, na huhitaji kupitia kwa shirikisho la nchi yako, jambo muhimu pale mtuhumiwa anapokuwa ndani ya shirikisho lenyewe.

Kwa wanawake, jingine. Tangu Januari 2021 mchezaji mjamzito ana haki ya likizo ya angalau wiki 14, wiki 8 kati ya hizo baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara wake, na kumwacha kwa sababu ya ujauzito ni kuvunja mkataba bila sababu halali. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai Lyon mishahara ya kipindi cha ujauzito wake, na FIFA ikaamuru alipwe zaidi ya euro 82,000. Mshahara wako unaweza kuwa mdogo mara ishirini. Kanuni ni ileile.

Hatua ya 8: Upeleke wapi, na kabla ya lini

Mtanzania anayecheza klabu ya Tanzania huanzia Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kama mfanyakazi mwingine. Kanuni za FIFA zenyewe zinatambua haki ya kwenda kwenye vyombo vya kazi kwa mgogoro wa ajira. Ila chagua njia moja. Kuanza zote mbili ni kujifunga mabao. CMA ina muda mfupi: siku 30 kwa kuachishwa kazi isivyo haki, siku 60 kwa migogoro mingine. Wengi hupoteza siku hizo wakisubiri "mzee arudi safari". Soma pia kifungu cha mwisho cha mkataba wako kinachotaja chombo cha kutatua migogoro.

Mchezaji wa kigeni, au Mtanzania aliye nje, anaweza kwenda Chumba cha Utatuzi wa Migogoro cha FIFA. Mchezaji halipi ada. Muda ni miaka 2 tangu tukio, na barua zako za Kiswahili zitahitaji tafsiri. Ukishinda, klabu ina siku 45 za kulipa, la sivyo hufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Ukishindwa, rufaa CAS ni siku 21, na huko gharama zipo.

Kama uliacha klabu kwa sababu ya kutolipwa, fidia huanzia kwenye thamani ya mkataba uliobaki, ikipunguzwa na utakachopata klabu mpya, na juu yake huweza kuongezwa mishahara ya miezi mitatu. Kwa wachezaji wa klabu iliyokufa kabisa na kuacha madeni, FIFA na FIFPRO walianzisha mfuko mwaka 2020, ingawa ulilipa sehemu tu.

Vyama vya wachezaji ni SPUTANZA kwa Tanzania, KEFWA kwa Kenya, UFPA kwa Uganda. Jiunge ukiwa na mshahara, siyo siku ya kufukuzwa.

Pasipoti ikishikiliwa na klabu au wakala kwa kisingizio cha "kibali", idai kwa maandishi ndani ya siku tatu, kisha nenda ubalozini na polisi. Kushikilia hati ya mtu ili asiondoke ni moja ya dalili za usafirishaji haramu wa binadamu.

Hatua ya 9: Siku ya kuachana

Migogoro mingi huisha mezani, na mara nyingi ni jambo jema. Lakini usisaini ukiwa umeitwa peke yako saa mbili usiku. Chukua rasimu, nenda nayo nyumbani, mpe mtu aisome.

Makubaliano yaandike kiasi kamili, sarafu, nani analipa kodi, na tarehe ya kila fungu. Yaseme kwamba fungu moja likikosewa, deni lote linadaiwa mara moja. Yaseme klabu itatoa barua ya kukuachia na kushughulikia hati ya uhamisho wa kimataifa ikiombwa, kwa sababu mchezaji aliyelipwa lakini amezuiwa kusajiliwa hadi dirisha linafungwa amepoteza zaidi. Na ile sentensi ya "sidai chochote" ihamie mwisho, ikianza na maneno "baada ya fedha zote kupokelewa kwenye akaunti". Kiongozi akisema hilo halina haja kwa kuwa mnaaminiana, mwambie asante mzee, basi tuliandike tu.